Kujenga profaili ya taa isiyokuwa kwenye maktaba: kutoka taa halisi hadi jukwaa la 3D

Bibi harusi alikuwa amefika katikati ya ukumbi taa zangu sita za juu zilipozimika zote kwa mpigo. Umeme ulikuwapo, kompyuta ilikuwa inafanya kazi, na kwenye skrini jukwaa la 3D liling'aa vilevile nilivyolipanga nyumbani usiku uliotangulia. Kosa lilikuwa kwenye profaili, yaani faili inayoiambia programu kila chaneli ya taa inafanya nini. Nilichukua profaili yenye jina linalofanana na taa zangu, nikaona chaneli (namba za 0 hadi 255, kila moja ikiamuru kazi moja ya taa) ni 16 na za kwangu ni 16, nikaridhika. Kwenye profaili ile chaneli ya 16 ilikuwa kasi ya mwendo, nami nikaiweka 60 ili vichwa vizunguke taratibu wakati wa kuingia maharusi. Kwenye taa zenyewe chaneli ya 16 ndiyo inayowasha na kuzima balbu, na thamani kati ya 26 na 100 ikishikiliwa sekunde chache, balbu inazima. Balbu hizi zikishazima haziwaki tena mpaka zipoe. Familia ile ilipita kwenye zulia kwa mwanga wa kawaida wa ukumbi, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tangu siku hiyo sipangi onyesho kwa profaili ambayo sijaijenga au kuikagua mwenyewe, taa ikiwa mbele yangu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuijenga kuanzia mwanzo kwa programu za bure tu. Nimeuandika kwa ajili ya fundi mwenye taa kama zangu: muvinghedi (taa yenye kichwa kinachozunguka) ya boriti, yaani mwale, nyembamba yenye balbu ya 7R ya wati 230, iliyotoka China ikiwa na kijitabu cha kurasa nne na jina ambalo halimo kwenye maktaba yoyote ya profaili. Kwetu kazini zote tunaziita "shapi", kwa sababu nyingi zinafuata mpangilio wa chaneli unaofanana na wa Sharpy ya Clay Paky. Neno la kushika hapo ni "unaofanana". Tofauti ya chaneli moja ndiyo iliyonizimia taa.

Faili mbili, taa moja

Kabla ya kugusa chochote, elewa kwamba unajenga vitu viwili. Programu inayoendesha taa, yaani meza yako, inahitaji kujua chaneli gani inafanya nini ili ikupe vitufe sahihi. Programu ya taswira, inayokuchorea jukwaa kwenye skrini, nayo inahitaji kujua hilohilo, pamoja na umbo la taa, upana wa mwale, rangi halisi za gurudumu na mahali mikono inapopindia. Faili hizi mbili zikipishana, skrini itakuonyesha kitu na ukumbi utakupa kingine.

Upande wa meza mimi natumia QLC+, ambayo ni bure na inakuja na programu ndogo ya kutengenezea profaili, Fixture Definition Editor. Inatoa faili yenye mwisho wa .qxf. Upande wa taswira natumia Blender ikiwa na nyongeza ya BlenderDMX, inayosoma faili za GDTF. Umbo hili la faili, GDTF, lilianzishwa na MA Lighting, Robe na Vectorworks, na mwaka 2020 likawa waraka rasmi wa Ujerumani, DIN SPEC 15800. Faida yake ni kwamba leo unalitumia kwenye Blender, na kesho ukipata kazi kwa mtu mwenye grandMA3 au Vectorworks, faili ni ileile. Kulijenga, unajiandikisha bure kwenye tovuti ya GDTF Share na kutumia kijenzi chake ndani ya kivinjari.

Kazi yote inakaa juu ya karatasi moja ya vipimo. Ndiyo inayolisha faili zote mbili. Anza nayo.

Hatua ya 1: Ihoji taa, chaneli moja baada ya nyingine

Weka taa moja sakafuni, mahali penye ukuta wa saruji uliopakwa rangi nyeupe. Ukuta usiwe na pazia, ubao wala karatasi. Mwale wa 7R unachoma, na kwenye bati la taa pameandikwa umbali wa chini kabisa kutoka kwenye kitu kinachoshika moto. Hata kwenye saruji, fanya kazi na dimma chini kadiri unavyoweza, usiuache mwale mahali pamoja kwa muda mrefu, na kamwe usiutazame machoni.

Kwenye menyu ya taa chagua modi ya chaneli 16, anwani 001. Unganisha kifaa cha USB cha DMX (lugha ya kuamuru taa kwa chaneli), weka kizibo cha omu 120 kwenye tundu la kutokea, fungua QLC+ na uende Simple Desk. Hapo unapata slaidi tupu zisizojua lolote kuhusu taa, na ndicho tunachotaka. Tunaisikiliza taa yenyewe.

Sasa pandisha slaidi ya 1 taratibu kutoka 0 hadi 255, kisha irudishe. Andika kilichotokea. Nenda ya 2. Ukifika mahali taa haifanyi lolote, usiandike "haifanyi kazi": chaneli nyingi hazionekani mpaka nyingine iwe wazi. Huwezi kuona gobo (bati linaloupa mwale umbo) kama shata, yaani kifuniko cha mwanga, imefungwa, wala kuona prizma (kioo kinachoupasua mwale) ikizunguka kama haijaingizwa. Kwa hiyo nikishajua dimma na shata ziko wapi, naziacha wazi kidogo na kurudi mwanzo.

Taa zangu zilitoa orodha hii:

1 – gurudumu la rangi
2 – shata na strobu (kumulika kwa vipindi)
3 – dimma
4 – gurudumu la gobo
5 – kuingiza prizma
6 – kuzungusha prizma
7 – mwendo wa mchanganyiko
8 – frosti (kulainisha mwale)
9 – fokasi
10 – pani
11 – pani ya hatua ndogo
12 – tilti
13 – tilti ya hatua ndogo
14 – kasi na kazi maalumu
15 – kuanza upya
16 – balbu

Pani ni kichwa kuzunguka kushoto na kulia. Tilti ni kuinama na kuinuka.

Chaneli 15 na 16 zipime mwisho, baada ya kumaliza kila kitu, kwa sababu ukishazima balbu utakaa kusubiri ipoe. Pima pia muda: thamani ya kuzima ishikiliwe sekunde ngapi kabla taa haijatii? Zangu ni sekunde tatu. Andika.

Kisha uje kwenye mipaka. Hapa ndipo wengi hunakili kijitabu na kuendelea, na hapa ndipo vijitabu hukosea sana. Cha kwangu kinasema rangi nyeupe inaanzia 0 hadi 9. Nilipopandisha slaidi moja moja kwa kitufe cha mshale, gurudumu liliruka kwenda nyekundu kwenye 8. Tofauti ya namba mbili, lakini mtu aliyeweka 9 akitarajia nyeupe anapata ukumbi mwekundu. Kwa hiyo kwa gurudumu la rangi na la gobo, songa namba moja moja, na kila gurudumu linaporuka andika namba ile. Inachukua kama nusu saa. Uwe na mtu wa kukusomea namba wakati wewe unatazama ukuta, ndipo kazi inakwenda.

Hatua ya 2: Pima kwa futi na tepu

Pembe ya pani: weka chaneli 10 kwenye 0, bandika kipande cha tepu kwenye kitako sambamba na mkono wa taa, kisha peleka 255 na uhesabu. Mzunguko mmoja na nusu ni digrii 540. Tilti yangu inafika digrii 270, robo tatu ya duara. Zingatia pia inazunguka upande gani namba inapopanda. Chora mshale kwenye karatasi.

Chukua na saa ya simu upime pani inatumia sekunde ngapi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ndani ya GDTF kuna sehemu iitwayo RealFade inayopokea namba hiyo. Ijaze hata kama programu unayotumia leo haiitumii, kwa sababu kichwa kinachofika papo hapo kwenye skrini hukufundisha kupanga miondoko ambayo taa halisi haiwezi.

Upana wa mwale unahitaji uangalifu zaidi, na ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Watu wengi hupima kipenyo cha duara ukutani, wanagawanya kwa umbali, wanatafuta pembe. Kwa taa ya boriti hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu mwale hauanzi kwenye nukta. Unaanza ukiwa tayari na upana wa lenzi. Pima mara mbili, kwa umbali tofauti. Mfano: kwa mita 4 duara lina sentimita 32, kwa mita 10 lina sentimita 58. Mwale umepanuka sentimita 26 ndani ya mita 6. Nusu ya 26 ni 13, yaani mita 0.13, gawanya kwa 6 upate 0.0217. Kwenye kikokotoo cha simu tafuta pembe ambayo tan yake ni hiyo: digrii 1.24. Zidisha kwa mbili: mwale una digrii 2.5 hivi. Kwa njia ile ya kipimo kimoja cha mita 4 ungepata digrii 4.6, karibu mara mbili.

Uzuri wake ni kwamba kipimo hiki kinajihakiki chenyewe. Mwale unapanuka sentimita 4.33 kila mita. Urudishe nyuma mita 4 kutoka kwenye 32 na unabaki na sentimita 14.7. Weka rula kwenye lenzi: sentimita 15. Namba zimekutana, basi vipimo vyako ni vya kuaminika. Zisipokutana, pima tena.

GDTF inaomba pembe mbili, BeamAngle na FieldAngle. Ya kwanza inaishia pale mwanga unapopungua hadi nusu ya ule wa katikati, ya pili unapopungua hadi asilimia 10. Kwa boriti kali kama hii kingo zimekatika vizuri, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Kwa taa za kuosha jukwaa tofauti ni kubwa, na lazima uzijaze zote mbili kwa dhati.

Mwisho, umbo. Huhitaji kila skrubu. Unahitaji urefu wa kitako, umbali kutoka upande wa kitako unaotundikwa hadi kwenye mhimili wa tilti, na umbali kutoka mhimili huo hadi kwenye lenzi. Zangu: kitako sentimita 18, hadi mhimili sentimita 42, mhimili hadi lenzi sentimita 17.

Hatua ya 3: Faili ya meza

Fungua Fixture Definition Editor, anza faili mpya. Kwenye sehemu ya jumla andika jina la mtengenezaji na la taa. Kwa taa isiyo na jina ninaandika jina la karakana yetu kama mtengenezaji, na kwenye jina la taa naweka wati, idadi ya chaneli na mwaka tulioinunua, kwa mfano "Shapi 230 16CH 2021". Ukiandika "Beam 230" peke yake, miaka miwili ijayo utakuwa na faili nne zenye jina hilo na hutajua ipi ni ya taa zipi.

Ongeza chaneli zako 16 kwa mpangilio wa karatasi. Kila moja ina aina yake: rangi, gobo, shata, pani na kadhalika. Aina hii si pambo, kwa sababu QLC+ inaitumia kuamua chaneli gani ipande na kushuka na dimma kuu na ipi isiguswe. Ukimwekea gobo aina ya mwangaza, siku utakaposhusha dimma kuu magurudumu yote ya gobo yatazunguka mbele ya watu.

Pani ya chaneli 10 iwe baiti kubwa (hatua kubwa), ya 11 iwe baiti ndogo (hatua ndogo). Usiruke hili. Kwa chaneli 10 peke yake, digrii 540 zimegawanywa kwa hatua 255, kila hatua digrii 2.1. Kwa umbali wa mita 10 hatua moja ni kama sentimita 37 sakafuni: mwale unaruka kutoka bega la mwimbaji mmoja hadi la mwenzake. Chaneli zote mbili zikiungana, hatua zinakuwa zaidi ya elfu 65, na kuruka kunashuka hadi chini ya milimita 2.

Ndani ya kila chaneli jaza mipaka uliyoiandika: kuanzia namba fulani hadi namba fulani, na jina. Majina yaandike kwa lugha mnayoitumia kazini. "Nyekundu", "Bluu bahari", "Gobo nyota". Fundi msaidizi aliyeanza jana ataelewa.

Kwa chaneli ya 16 mimi naanza jina la eneo la kuzima kwa herufi kubwa: "HATARI – KUZIMA BALBU". Kwa ya 15 vivyo hivyo. Unaweza hata kuzitenga: tengeneza tukio (thamani za chaneli zilizohifadhiwa pamoja) moja la kuwasha balbu, liweke pembeni, na chaneli hizo usizitie kwenye tukio lingine lolote.

Kwenye modi panga chaneli zote kwa utaratibu, na kwenye vipimo vya umbo weka pembe za pani na tilti na za lenzi. Hifadhi kwenye folda ya profaili za mtumiaji. Kwenye Windows ni folda ya QLC+ ndani ya jina lako la mtumiaji, kisha Fixtures. Kwenye Linux ni .qlcplus/fixtures. Usiitie kwenye folda ya programu yenyewe, maana ukisasisha programu itafutika. Funga QLC+ na uifungue tena ndipo itaiona.

Hatua ya 4: Faili ya taswira

Hapa tutakaa kidogo.

Kwenye kijenzi cha GDTF anza na miundo. Chagua maumbo yaliyomo tayari ya kitako, mkono na kichwa, kisha uyape vipimo vyako kwa mita. Ukipata mtandaoni mchoro wa taa wenye uzito wa megabaiti 30, uache. Ukitundika taa ishirini za namna hiyo kompyuta itakwama, na hakuna mteja anayetazama skrubu za taa.

Kisha mti wa sehemu. Kitako ndiye mzazi. Chini yake mkono, ambao ni wa aina ya Axis, yaani sehemu inayozunguka. Chini ya mkono kichwa, nacho Axis. Chini ya kichwa mwale, wa aina ya Beam. Kila sehemu inahesabu nafasi yake kutoka kwa mzazi wake, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Taa inachorwa ikiwa imening'inia, mwale ukitazama chini, kwa hiyo Z inakwenda hasi. Mkono unakaa –0.18 kutoka kwenye kitako. Kichwa si –0.42: ni –0.24 kutoka kwenye mkono, kwa sababu 18 na 24 ndizo zinazofanya 42. Mwale ni –0.17 kutoka kwenye kichwa. Ukikosea hapo, pani itaonekana sawa lakini tilti itakuonyesha kichwa kinachojitenga na mikono yake kama shingo iliyovunjika. Ukiliona hilo kwenye skrini, rudi kwenye namba hizi. Kosa halipo kwingine.

Kwenye Beam weka pembe uliyoipima, na BeamRadius iwe nusu ya lenzi, yaani 0.075. Aina ya mwale weka Spot. Angalia LuminousFlux: usipoigusa, kawaida inabaki lumeni 10,000, na kila taa utakayotengeneza itakuwa na nguvu sawa, kuanzia shapi hadi paa (taa ya PAR, isiyo na kichwa cha kuzunguka) ndogo ya LED. Lumeni za kwenye boksi usiziamini. Mimi nilipachika taa mbili za aina tofauti ukutani, nikazitazama pamoja, kisha nikarekebisha namba kwenye programu mpaka uwiano wa skrini ukafanana na wa ukuta. Uwiano ndio wenye manufaa kwa mpangaji.

Magurudumu. Tengeneza gurudumu la rangi na la gobo, kila tundu kwa mpangilio lilivyo kwenye taa. Tundu la kwanza ni lile lililo wazi, na kuhesabu kunaanza na 1. Rangi usizichukue kwenye picha ya simu. Kamera hurekebisha weupe yenyewe, na njano inageuka kahawia. Weka kompyuta kando ya ukuta, washa rangi moja, na usogeze kichaguzi mpaka skrini na ukuta vikubaliane machoni mwako. Rangi 14, dakika 20.

Kwa gobo simu inafaa. Simama nyuma ya taa, piga picha ya duara ukutani ukiwa umeinyoosha simu, kisha kwenye GIMP ifanye nyeusi na nyeupe kabisa na uikate mraba. Nyeupe ndipo mwanga unapopita. Pikseli 256 kwa 256 zinatosha. Hifadhi kwa PNG.

Sasa modi ya DMX. Kwa QLC+ ulikuwa na chaneli 16. Hapa utakuwa na 14 tu, kwa sababu pani ni chaneli moja yenye nafasi mbili, "10,11", na tilti ni "12,13". Ukihesabu ukapata 16, kuna mahali umetenganisha kisichopaswa kutengana. Kila chaneli inaunganishwa na sehemu ya mti na sifa: Pan inakwenda kwenye mkono, Tilt kwenye kichwa, na zilizobaki (Dimmer, Shutter1, Color1, Gobo1, Prism1, Focus1, Frost1) zinakwenda kwenye mwale. Ukiipa Tilt mkono badala ya kichwa, taa nzima itapinduka.

Kuna tofauti moja ya kimsingi kati ya faili hizi mbili. QLC+ inataka mwanzo na mwisho wa kila eneo. GDTF inataka mwanzo tu. Eneo linaishia pale lifuatalo linapoanzia. Namba inaandikwa "8/1", maana yake thamani 8 kwa baiti moja. Kwa hiyo kama kwenye taa kuna pengo, tuseme kutoka 26 hadi 30 shata haifanyi lolote, lazima uliwekee eneo lake. Ukiliacha, eneo lililotangulia litalimeza pengo, na skrini itaonyesha strobu wakati taa iko kimya. Usisahau pia kulifunga kila eneo la rangi na namba ya tundu lake la gurudumu. Usipofanya hivyo chaneli itakuwapo lakini rangi haitabadilika.

Kwa Pan weka PhysicalFrom –270 na PhysicalTo 270, kwa Tilt –135 na 135. Kama skrini inazunguka kinyume cha mshale uliouchora kwenye karatasi, badilisha alama hizo mbili.

Hifadhi na upakue. Faili la GDTF kwa ndani ni zip: ukilipa mwisho wa .zip unaweza kulifungua na kuona description.xml, folda ya magurudumu na ya miundo. Nimewahi kuokoa faili lililogoma kwa kukuta humo picha ya gobo yenye jina lisilolingana na lililoandikwa.

Hatua ya 5: Zikutanishe

Kwenye Blender bonyeza N, fungua kichupo cha DMX, ingiza faili lako la GDTF, kisha ongeza taa: ya kwanza anwani 1, ya pili 17, ya tatu 33. Yunivasi moja ya DMX ina chaneli 512, kwa hiyo inabeba shapi 32 za modi hii. Washa upokeaji wa Art-Net, njia ya kupitisha DMX kwenye mtandao. Kwenye QLC+ nenda Inputs/Outputs, chagua Art-Net kwa anwani 127.0.0.1 kama programu zote mbili ziko kwenye kompyuta moja.

Kitu kisipotikisika, angalia namba ya yunivasi kwanza. Art-Net inahesabu kuanzia 0, sACN (njia nyingine kama hiyo) inaanzia 1, na skrini ya QLC+ inaita ya kwanza "Universe 1". Yaani yunivasi 1 ya QLC+ kwa kawaida inatoka kama 0 ya Art-Net. Baada ya hapo angalia kizuizi cha mtandao cha Windows kimeruhusu mlango wa UDP 6454. Kama programu mbili zinagombania mlango huo, hamia sACN au tumia kompyuta mbili na waya wa mtandao kati yake.

Zikishaongea, fanya jaribio ambalo mimi siliruki kamwe. Taa halisi iwe bado sakafuni imeunganishwa, QLC+ itume kwa zote mbili kwa pamoja, kwenye USB na kwenye Art-Net. Kwenye Blender pindua taa ikae sakafuni kama ilivyo. Kisha pitia chaneli zote tena kwa karatasi mkononi, jicho moja ukutani, jingine kwenye skrini. Nyekundu, nyekundu. Gobo ya tano, gobo ya tano. Pani 128, zote zinatazama mbele. Kila zinapopishana, weka alama, rekebisha faili, ingiza upya, rudia. Shapi zangu zilihitaji mizunguko mitatu. Mzunguko wa pili niligundua prizma ya skrini ilikuwa inazunguka kinyume, jambo ambalo nisingeliona kwa taa moja peke yake.

Washa pia moshi kwenye programu. Bila moshi taa ya boriti ni nukta tu sakafuni, na huwezi kujua kama vipimo vya mwale ni vya kweli. Ongeza moshi kwa kiasi cha mashine yako ya ukumbini, usizidishe. Skrini yenye ukungu mzito humpendeza mteja, kisha ukumbi wenye feni sita unamwonyesha kitu tofauti.

Paa za LED

Hizi hazisumbui. Sehemu moja, mwale mmoja, na sifa za ColorAdd_R, ColorAdd_G, ColorAdd_B na ColorAdd_W. Angalia kitu kimoja: modi za chaneli chache mara nyingi hazina dimma, kwa hiyo wezesha dimma pepe (ya ndani ya programu, isiyo na chaneli), la sivyo programu itaichukulia taa kuwa inawaka muda wote au haiwaki kabisa. Na upime kila shehena. Nimeshika paa zenye ganda moja na menyu moja ambazo zamani zilianza na dimma, zilizofuata zikaanza na nyekundu.

Kuhifadhi

Faili hizi mbili na picha ya karatasi ya vipimo viende kwenye folda moja, kwenye fleshi na mtandaoni. Ukirekebisha, ongeza namba ya toleo kwenye majina ya faili zote mbili kwa pamoja, hata kama umegusa moja tu. Kisha chukua tepu nyeupe na kalamu isiyofutika, na ubandike jina la profaili na toleo lake kwenye kitako cha kila taa, upande wa menyu. Fundi anayepanda kwenye trasi (fremu ya chuma ya kutundikia taa) saa kumi na moja alfajiri atalisoma hapo, na atajua faili gani ya kufungua.